Ile Bwati Iliyovuja Mara Tatu

Baba yangu, kule Bugeshi, alikuwaka na jerikani moja ya pombe ya mtama. Kwa kifuniko alifungaka kamba ya mukonge, na kifundo ambayo yeye peke yake alijua kuifunga. Akirudi kutoka shamba ya viazi, hakusalimia mutu mbele ya kuangalia ile kifundo. Alishuku kaka yake, alishuku katekista, alishuku hata mama yangu ambaye pombe ilikuwa inamuumiza tumbo. Kifundo haikuguswa hata siku moja. Mzee aliendelea kushuku mpaka kufa, na mi naona alinirithisha yale macho kuliko shamba, juu kwa shamba tulikuwa watoto tisa.

Donc siku ya kwanza nilipoingia garaji hapa Gisenyi, nilikuwa nimesoma miaka tatu tu, lakini kushuku nilikuwa nimemaliza yote. Shefu wa garaji, mutu mufupi mwenye sauti ya kanisa, aliniambia, "Nionyeshe mikono." Nikaonyesha. "Hii ni mikono ya viazi. Sawa. Sikiliza: kila buloni, hii bolti, utakayofunga, weka tone ya rangi nyekundu, ipite kutoka buloni mpaka kwa chuma. Mutu akiifungua nyuma yako, ile rangi itapasuka."

Nilipenda ile neno kuliko mushahara. Toka siku ile nilitembea na kachupa ya rangi kwa mufuko. Wenzangu walinicheka: "Muzee Rangi, umepaka hata bibi yako?" Niliendelea kupaka. Kwanza bibi yangu alikuwa amenikataza kuleta ile chupa nyumbani, ilimwagika kwa shuka. Hiyo ni habari ingine.

Ile garaji ya Shefu ilifungwa, nikaenda kwa Patron mumoja mwenye garaji kwa njia ya Nyamyumba, nikakaa hapo mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa bwati, ile sanduku ya gia chini ya gari. Unaishusha, unaifungua, unabadilisha meno zilizokufa, unarudisha yote kwa fasi yake. Hapo ndipo nilitumika na Bahati. Alikuwa mutu wa Goma, anavuka barrière ya mupaka kila asubuhi kwa miguu, anarudi saa kumi na moja. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, naandika hivyo sasa juu hanisikii.

Siku moja mama mumoja wa Nyamyumba, muuzaji wa sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, alileta jeep yake. Gia ya tatu ilikuwa inaruka. Tulitumika kwa ile bwati siku mbili, mi na Bahati. Bahati alienda Goma kununua spi, ile pete ya mupira inayozuia mafuta kutoka fasi shafti inatokea. Tukafunga, nikapaka rangi yangu, mama akachukua gari.

Kesho yake alirudi na uso wa vita.

"Muzee, gari yenu inakojoa."

"Yangu, mama? Ni yako."

"Ilipokuwa yangu haikukojoa. Sambaza zangu zinauzwa asubuhi, saa sita hakuna mutu anazitaka. Unataka nizibebe kichwani?"

Nililala chini ya gari. Kweli, mafuta kwa spi ya nyuma. Niliangalia rangi: hakuna hata moja imepasuka. Bon, nikawaza, hakuna mutu amefungua. Donc ni spi.

"Bahati, hii spi ulitoa wapi?"

"Goma, muzee."

"Duka gani?"

"Duka ya spi. Unataka nikuletee na picha ya mwenye duka?"

Watu walicheka. Mi sikucheka. Sikuwa nimeona akitoa ile spi kwa karatasi yake. Spi ya pili Patron mwenyewe alinunua, na gari ikavuja tena. Hapo mutu mwenye akili angeacha habari ya spi. Mi niliacha spi nikashika mikono ya Bahati. Nilienda kwa Patron, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba huyu anapiga spi na nyundo anapoiingiza. Sikuwa nimeona nyundo.

Patron alikuja mbele ya wote. "Bahati, unaweka ya tatu. Ikivuja, usivuke tena kuja hapa."

Bahati alinitazama. Alikuwa na watoto wanne upande ule. "Sawa, Patron. Lakini muzee alale chini pamoja na mi, aone kila kitu."

Aliingiza spi na vidole, polepole, kama mutu anavalisha mutoto kofia. Kisha akaomba unga ya muhogo kwa mama aliyetuuzia chakula, akaipaka yote juu ya bwati, ikawa nyeupe. "Fasi mafuta inatokea, unga italowana," alisema. Gari ikiwa baridi, unga ikabaki kavu. Tulipanda nayo mpaka chini ya Bugeshi, tukarudi ikiwa moto, na unga ilikuwa imelowana kwa spi, povu ya hewa inatoka.

"Inavuja ikiwa moto tu," Bahati alisema. "Muzee, hii bwati haipumui."

Kila bwati iko na kitundu juu, cha kupumua hewa ikipata moto; kikizibwa, ile hewa inasukuma mafuta nje kwa spi. Nilipeleka kidole huko kabla yake. Nikagusa kitu laini.

Ilikuwa sabuni. Huku vumbi yetu ni ya volkano, nyeusi, inakata meno ya gia kama musumeno. Kwa hiyo mbele ya kuosha bwati tunaziba kitundu na kipande cha sabuni ya kufulia, maji na muchanga zisiingie, kisha tunakitoa. Ile bwati niliiosha mi mwenyewe. Nilikumbuka kupaka rangi kwa buloni zote, sabuni nikaisahau.

Nilikitoa na musumari, nikakificha kwa mukono. Lakini tulikuwa tumelala bega kwa bega. Bahati aliona.

Patron aliinama. "Nini?"

Mi nina miaka mingi sasa, magoti imekufa, nakunywa chai nikiangalia ziwa, na vijana wanakuja kuniuliza juu ya bwati za zamani. Nawaambia habari ya meno, ya mafuta, ya unga. Hii sikuwahi kumwambia mutu. Nilimujibu Patron: "Ni ile mikono ya Bahati, Patron. Lakini sasa nimerekebisha."

Nilingoja Bahati aseme habari ya sabuni, nilikuwa nimeshatayarisha na jibu. Yeye alitoka chini ya gari, akanawa mikono na petroli, kisha na maji, mpaka kwa viwiko. Patron alimwita, "We Bahati, haivuji tena, rudi kazini!" Alivaa koti yake. Kwa mulango alisimama kidogo kupisha mama mumoja aliyebeba kitunga, akamuambia pole, akashika njia ya barrière. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Hakurudi tena.