Godauni Tupu la Ngarenaro

Kwa miaka kumi na mmoja Nusura aliuza maharage, na muda wote huo mzigo wake ulilala kwenye kona ya godauni la mzee Ephraimu, Ngarenaro. Soko huria lilipoingia alishangilia: hakuna tena kusaka vibali, hakuna kuviziwa na askari barabarani. Kumbe walishangilia wengine pia, wenye nguvu kuliko yeye.

Mwaka 1994, masika yakikaribia, Ephraimu alimwita pembeni.

"Mama Ummy, hadi Jumamosi uwe umetoa mzigo. Kuna kampuni imechukua godauni zima."

"Na kona yangu, mzee?"

"Zima ni zima, mama."

Nusura alizunguka mji mpaka kandambili zikakatika. Kila ghala lilikuwa na mwenyewe mpya na kufuli jipya. Olasiti yalikuwa yanajengwa mengine, makubwa, lakini dalali alitazama kanga yake juu mpaka chini, akamwomba barua ya kampuni.

"Hapa hatupangishi kona," alisema.

Basi magunia thelathini na nane yakaingia nyumbani kwake Sombetini, watoto wakahamia jikoni. Mvua ikapiga siku nne mfululizo, maji yakashuka toka mlimani na kupenya chini ya mlango. Magunia ya chini yakavimba, yakaota. Chumba kizima kikanuka uchachu.

Mwezi Mei alipita Ngarenaro. Mlinzi, Kisioki, alikuwa anafagia, mlango uko wazi. Nusura akachungulia. Sakafu tupu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mzigo wao uko wapi?"

"Hawajaleta hata debe, mama. Wamelishika tu, mwingine asilipate."

Akaenda moja kwa moja kwa Ephraimu.

"Shikamoo, mzee. Maharage yangu yanaota chumbani, godauni lako limejaa upepo!"

Ephraimu aliitikia, macho yakiwa chini. "Nilishasaini. Hata mimi ufunguo sina."

Nusura alikosa hata wa kumgombeza. Wiki hiyo mnunuzi wa kampuni ileile alifika Sombetini na lori, akataja bei yake, akakataa kuongeza. Alijua mama huyu hana pa kuweka. Nusura akauza.

Tangu hapo hununua kiasi cha kuuza siku hiyohiyo, madebe mawili, matatu. Bei ikipanda yeye hana akiba, ikishuka hana pa kusubiri. Wateja humwuliza mbona biashara imesinyaa. Yeye anaendelea kupima.