Somo la Mteremko

Asubuhi za kiangazi nyumbani kwetu Majengo, mjini Mpanda, zilinuka dizeli kabla hazijanuka chai. Harufu ilitoka kwenye nguo za Baba zilizoning'inia nyuma ya mlango. Mama alizifua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikamchubuka, lakini dizeli haikutoka, naye aliapa kila Jumamosi kwamba atazichoma moto. Baba alikuwa opereta wa katapila, tena kuukuu kuliko yeye mwenyewe. Liliachwa na watu waliochimba madini enzi za mkoloni, likakaa porini mpaka miti ikaota katikati ya cheni zake, kisha mfanyabiashara mmoja wa mbao akalinunua kama chuma chakavu na Baba akalifufua. Watu walikuja kushangaa likinguruma. Baba hakuona cha kushangaza. Alisema halikuwa limekufa, lilikuwa limenuna tu.

Kaka yangu Deus alikuwa mbali, utingo wa lori la Tabora, kwa hiyo mafunzo yote ya Baba yaliniangukia mimi, msichana. Tangu nina miaka sita alinipakia pembeni yake kwenye kiti cha chuma. Alinifundisha kutambua mashine kama watoto wengine wanavyofundishwa kutambua ng'ombe wa nyumbani: hesabu magurudumu madogo yanayokanyaga cheni, tazama kama jembe la mbele linainuliwa kwa waya au kwa msukumo wa mafuta, kisha futa grisi kwenye kibati cha ubavuni usome namba. Katapila letu lilikuwa na injini mbili. Ile ndogo ya petroli uliiwasha kwa kuvuta kamba, ikapiga kelele kama pikipiki mbovu, ukaiacha impashe moto mwenzake mkubwa wa dizeli mpaka naye akubali kuamka. Pedali yake ilikuwa kinyume na ya gari, ukiikanyaga injini inapunguza kasi. Usukani halikuwa nao. Kulikuwa na mikono miwili ya chuma. Ukivuta wa kulia, cheni ya kulia inaachiwa na injini, ya kushoto inaendelea kusukuma, nalo linakata kulia.

Isipokuwa kwenye mteremko. Siku aliyonifundisha hilo Baba alizima mashine kabisa, jambo ambalo hakulifanya ovyo kwa sababu ya taabu ya kuiwasha. Ukishuka jembe likiwa tupu, alisema, injini ndiyo inayolishika katapila lisikimbie. Ukiachia cheni ya kulia, hiyo ndiyo itakayokimbia, na mashine nzima itakwenda kushoto. Kwa hiyo ukishuka na unataka kulia, vuta mkono wa kushoto. Aliyarudia maneno hayo mpaka nikachoka kuyasikia, kisha akaniteremsha kilimani mara tatu ili mwili wangu uyashike, kwa sababu alisema mtu akiogopa, kichwa husahau kwanza.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, macho ya Baba yaliingia ukungu. Alianza kukwangua mahali pasipotakiwa, akaacha matuta yamepinda, na yule mfanyabiashara akasema atafute kijana wa kumrithi kabla hajaua mtu. Deus akaitwa kutoka Tabora. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye maneno mengi ya mjini, na nilimpenda sana. Kazi iliyokuwepo ni kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe huko Kabungu, kwa ajili ya wafugaji waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini. Baba hakuweza kwenda, vumbi lilimtesa macho. Shule ilikuwa imefungwa. Akaniita mbele ya kaka yangu na kusema, "Nenda naye wiki moja, mwanangu. Yote niliyokupa, mpe." Hakuona alichotufanyia sote wawili. Deus aliona aibu kufundishwa na mtoto wa kike, na mimi nilijivuna mno.

Nilimfundisha kweli, na sikumfundisha kwa upole. Alipokosea pedali nilicheka kwa sauti. Vibarua waliokuwa wakichimba kwa majembe pembeni walicheka nami, wakaanza kumwita mwanafunzi wa dada yake. Siku tano alivumilia. Siku zote hizo tulifanya kazi mahali tambarare, na somo la mteremko nililiweka la mwisho, kwa siku tutakayopanda juu ya tuta la lambo. Siku ya sita alishindwa kuwasha, kamba ikamrudi mkononi, vibarua wakaangua kicheko. Nilipofungua mdomo kumwelekeza alinishika mkono, akaniteremsha chini mbele yao wote. "Shuka, nenda kamsaidie Mama kupika. Nimeshajua, we mtoto! Mmenifanya kichekesho, wewe na hawa!" Nikaondoka. Njiani, nyuma ya pikapu iliyonirudisha mjini, nililia kwa hasira, na katikati ya kulia nikakumbuka kwamba sijamwambia la mteremko. Nilifurahi. Sina neno jingine la kulisema hilo. Nilifikiri: litamgomea, ataaibika, atakuja kuniomba.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti ya miguu yangu. Aliuliza kama Deus ameweza. Nikasema ameweza. "Na la mteremko umemwambia?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa, nikamletea.

Siku ya nne baada ya hapo, mchana, mfugaji mmoja alifika nyumbani kwa baiskeli, shati limemganda kwa jasho. Alimwamkia Baba, akachuchumaa, akaanza kueleza. Deus alikuwa akishuka kutoka kwenye tuta, upande wake wa kushoto kuna shimo walilotoa udongo. "Tulimwona alivuta mkono wa kulia, mzee, alivuta kwa nguvu zake zote. Chuma kikaenda kushoto. Akavuta tena. Kikazidi kwenda, kikaingia naye shimoni. Poleni sana, nyie wa nyumba hii." Mama alianguka pale pale. Baba hakulia. Aligeuza yale macho yake yenye ukungu upande niliposimama, na nikajua ameelewa kila kitu kilichotokea kule isipokuwa kimoja. "Si aliambiwa," alisema taratibu. "Mdogo wake alimwambia. Alisahau."

Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati ule, na nyingine msibani, na nyingine nyingi baadaye. Baba aliishi miaka tisa zaidi. Kila aliyekuja kumpa pole, Baba alimweleza kwamba kijana alifundishwa vizuri ila kichwa chake kilikuwa kigumu. Alisema hivyo kunilinda mimi, ili mtu asije akafikiri mtoto alimpotosha. Alikufa akiamini mwanawe wa kiume alikufa kwa uzembe, na nilikuwa nimemshika mkono.

Sasa barabara ya kutoka Mpanda kwenda Tabora ni ya lami. Wakati inajengwa niliwahi kusimama kando kutazama mashine zao, za vioo pande zote, zenye ubaridi ndani. Opereta mmoja alikuwa msichana. Aliposhuka kunywa maji nilimwuliza akiwa kwenye mteremko anakataje kona. Alinitazama kwa huruma. "Unasukuma tu hiki kidude kule unakotaka, mama. Chenyewe kinajua." Nilimshukuru, nikarudi nyumbani. Kile nilichomnyima kaka yangu hakuna anayekihitaji tena, hata nikitaka kukigawa bure.

Mama naishi naye huku Misunkumilo. Ni mzee, amesahau majina ya majirani, lakini hilo halisahau. Wanangu wakikataa kutumwa huwaambia, "Mtakuwa kama mjomba wenu Deus. Aliambiwa, hasikii." Wanangu hucheka, nami huinama nikaendelea kuchambua mchele. Nimewahi kufungua mdomo mara mbili nimwambie ukweli, na mara zote mbili nikamwuliza kama ataongeza sukari. Mama hajui kusoma. Ndiyo sababu nimethubutu kuandika.