Lipu ya Sebule ya Mama

Sebule ya mama, kule Hombolo, ilijengwa na watu wawili ambao hawakuwahi kuelewana kuhusu nyumba: mama na mimi. Kutoka chini hadi usawa wa kiuno ni matofali ya kuchoma, aliyoyafyatua yeye na shoga yake wakati mimi bado nasoma. Kutoka kiunoni kwenda juu ni bloku za saruji, nilizonunua mimi nilipoanza ualimu, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilikuwa na maringo. Mama alitaka nisubiri afyatue mengine. Nikamwambia mambo ya udongo yamepitwa na wakati. Akasonya, akaenda kulisha kuku wake.

Matofali yale aliyafyatua bondeni, nyuma ya mashamba ya zabibu, kwa kuwa huko ndiko maji yalikobaki mvua zikiisha. Kwetu mtu hafyatui tofali palipo na udongo mzuri. Anafyatua palipo na maji, maana ndoo inabebwa kichwani na shingo ni moja. Bonde lile ng'ombe walikwenda kulamba ardhi. Wote tulijua wanalamba chumvi, na bado wakafyatua hapo hapo.

Basi lipu ya kwanza ikapasuka palepale matofali yanapokutana na bloku, mstari mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila mwaka mstari ulipanuka, na chini yake lipu ikawa inavimba na kumwaga unga. Mbuzi wakikuta mlango wazi waliingia kulamba ukuta. Mama aliwafukuza kwa kandambili huku akicheka, "Tokeni! Hamjui hii ni nyumba ya mwalimu?"

Kicheko kiliisha mchana mmoja, kipande cha lipu kikubwa kama sinia kilipomdondokea begani akiwa amekaa kwenye kiti chake. Kifua chake kilikuwa kibovu tayari. Daktari akasema huyu mama asikae kwenye vumbi, nami nikamhamishia kwangu mjini, kwenye vyumba viwili nilivyopanga upande wa Chimwaga. Hakupapenda hata dakika moja. Aliketi kitandani, kitambaa kichwani kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke.

"Mwanangu," akaniambia wiki ile ya kwanza, "mimi naumwa, sijifichi. Ila sitaki kufia kwenye nyumba ya mtu. Piga lipu. Ikikauka tu, unirudishe."

"Nitakurudisha, mama."

Ndivyo nilivyoahidi. Sikulazimishwa na mtu, niliahidi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Shule zilipofungwa nilimchukua fundi mmoja, mtu wa Kondoa, mpole, mwenye utani mwingi. Alibandua lipu yote ya zamani, akagonga ukuta kwa kitako cha nyundo, akaguna. "Mwalimu, hapa umeweka wake wenza chumba kimoja. Tofali linakunywa maji, bloku hainywi. Lazima wagombane." Akapigilia waya wa kuku kwenye ule mstari wote ili lipu ishikane juu na chini. Kisha akaniambia jambo moja kwa msisitizo: maji. Tofali lishibe maji kabla ya lipu, na lipu ikishapigwa imwagiliwe siku saba, la sivyo itakauka kwa pupa na kupasuka.

Siku hiyo ya kwanza nilimpikia chai. Akapiga funda moja, akakunja uso. "Mwalimu, huku kwenu chai mnatia chumvi badala ya sukari?"

"Ala! Sukari yote hiyo huioni?"

Tukacheka. Maji ya kisima chetu ndivyo yalivyo, na mimi nimeyanywa tangu kuzaliwa, sisikii kitu. Alimaliza kikombe, tukaendelea na kazi.

Sasa huku kwetu lipu ya mtu ikiharibika, lawama huwa moja: fundi alibania maji. Nikaapa kwamba ukuta wa mama sitaubania. Nilipanga foleni kisimani kama mke mpya. Asubuhi na jioni nilimwagilia kwa kopo, taratibu, kuanzia juu kushuka, na fundi aliposema siku saba mimi nilitia kumi. Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Ukuta ulinyooka, ukawa laini, hata ufa wa unywele haukuonekana. Nilimpigia simu mama nikamwambia akiuona hataamini.

Wiki mbili baadaye nikakuta sehemu yote ya chini imeota weupe, manyoya madogo meupe yanayopukutika ukiyagusa. Nikafagia. Kesho yake yamerudi. Nikamwita fundi. Alipitisha kidole ukutani, akakilamba. Kisha akachota maji kwenye ndoo yangu, akaonja, akatema.

"Mwalimu, chumvi imo kwenye tofali. Na sisi tumeiongezea."

"Tumeiongezea kwa nini?"

"Kwa maji."

Jamani! Siku kumi nilikuwa naulisha ukuta chumvi kwa mikono yangu mwenyewe, na huku najisifu. Nikamgeukia yeye kwa hasira: "Si ulionja chai siku ya kwanza! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," akasema. "Na wewe umeinywa maisha yako yote."

Akaokota vitu vyake, lakini mlangoni akasimama. "Nisikilize. Waya umeshika, hii haidondoki tena. Huo weupe ni wa kufagia tu kila asubuhi. Kiti cha mama kisogeze katikati. Mlete akae kwake."

Nikakataa. Nitamrudishaje mama kwenye ukuta wenye ukurutu, na majirani wote wameniona nikibeba ndoo? Nilitaka aingie akute ukuta laini, ashike mdomo, aseme mwalimu kaweza. Basi kila Jumamosi nikawa nakwenda Hombolo na brashi kavu, nafagia chumvi, nasubiri iishe. Haikuisha. Ilipungua wiki moja, wiki ya pili ikaja kwa wingi zaidi.

Nikirudi mama alikuwa ananisubiri macho mlangoni.

"Imekauka?"

"Bado, mama. Bado mbichi."

"Lipu gani hiyo? Mmeikoroga kwa mafuta?"

Nilicheka, nikaenda jikoni. Wiki iliyofuata aliuliza tena, na iliyofuata. Halafu akawa anauliza kwa macho tu. Halafu hakuuliza. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilishukuru nimepumzika kudanganya.

Alikata roho Jumapili asubuhi, kwenye chumba cha kupanga, nikiwa nimegeuka kupoza uji wake. Niliporudisha uso alikuwa ameshaondoka. Kitambaa kilikuwa kichwani.

Tukampeleka Hombolo. Jeneza likawekwa katikati ya sebule, pale fundi aliposema kiti kikae, na wanawake wakajaa kwenye mikeka, migongo ukutani. Sikuweza hata kulia vizuri. Nilikuwa nauangalia ukuta, naomba usije ukamwangukia mtu msibani, nikaaibika. Watu waliegemea mchana na usiku, wakasinzia juu yake, watoto wakaupiga mateke. Hakikudondoka hata kipande.

Muda wa kwenda kuzika ulipofika wanawake wakasimama, nikaona migongo yao yote imekuwa myeupe, kanga kwa kanga. Nikaanza kuwapangusa mmoja mmoja kwa pindo la kanga yangu, kama kichaa, hadi nikamfikia yule shoga yake mama waliyefyatua naye matofali, ambaye mimi humwita mama mdogo.

"Unanipangusa nini, mwanangu?"

"Ni lipu, mama mdogo. Inatoa chumvi."

Akageuka. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kidogo, kisha akagonga kwa vifundo vya vidole mara mbili, kama mtu anayejua kazi ya ukuta.

"Mbona mkavu huu," akasema. "Mama yako kila akinipigia simu alisema anasubiri ukauke."

Wanaume walikuwa wameshainua jeneza, wanatuomba tupishe mlangoni.