Kiatu cha Yunisi Kwenye Foleni ya Gurudumu

Wadau, mmewahi kuona kiatu kinapanga foleni?

Mimi nimekiona. Yeboyebo moja ya pinki, ya mguu wa kushoto, ipo peke yake mbele kabisa ya geti, na nyuma yake watu wazima na watoto wao wametulia wanaiangalia.

Hakuna aliyeiruka. Hakuna aliyecheka.

Na mwenye kiatu alikuwa ameshaondoka.

Naitwa Anjela, nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya. Haya yalimpata kaka yangu Nashoni, Idi Pili ya mwaka jana, na mimi nilikuwepo. Ambayo sikuyaona kwa macho yangu amenisimulia mwenyewe, maana siku hizi akija kwangu hana stori nyingine.

Nashoni ni mkulima wa mpunga Ubaruku. Wazazi wetu walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, sisi tumekulia pale pale kwenye tope la majaruba. Yeye na mkewe Prisca waliachana. Sitaingia humo, mambo ya ndoa za watu. Prisca akaolewa na Farhan, mfanyabiashara wa Iringa, akaenda na mtoto wao wa pekee, Yunisi.

Mwaka jana Farhan akapata mchongo Lubumbashi. Akaamua kuhama na familia yote.

Kongo, wadau. Siyo Makambako.

Walikuja Mbeya kula Idi kwa ndugu za Farhan, halafu Idi Pili waondoke kuelekea Tunduma, wavuke. Nashoni akaomba kitu kimoja tu, apewe mtoto siku hiyo. Prisca akakubali.

"Mpaka alasiri," alisema. "Alasiri tunaondoka."

Sasa, Nashoni alikuwa na ahadi. Nje kidogo ya mji umefunguliwa uwanja wa michezo ya watoto, jina silitaji, una gurudumu kubwa la viti linalozunguka juu huko. Kila akiongea na mwanaye kwenye simu alikuwa anamwambia, "Mayu, siku nikikupandisha lile gurudumu, utaiona Ubaruku yote. Utaiona mpaka nyumba yetu."

Mayu kwetu ni mama, na baba humwita hivyo binti anayempenda. Lakini hayo ya kuiona Ubaruku yalikuwa uongo mtupu. Ubaruku iko mbali mno. Kaka yangu alitaka tu mtoto aende ugenini na kitu kimoja cha baba yake kichwani.

Asubuhi Prisca akamleta mpaka getini. Nilimwona anamnong'oneza mtoto, anamtia kitu mkononi. Nikajua pipi. Yunisi akaja mbio na yeboyebo zake mpya, akamrukia baba yake shingoni, na kaka yangu akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu aachane na Prisca.

Tukalipa kiingilio, tukafungwa mikanda ya karatasi ya bluu mkononi, tukaenda moja kwa moja kwenye gurudumu.

Aisee, ile foleni! Ungedhani wanagawa mbolea ya ruzuku.

Pembeni kulikuwa na geti jingine dogo, limepakwa rangi ya dhahabu, halina mtu. Kila baada ya muda anatokea baba na watoto wake, wana mikanda ya dhahabu, wanapita fasta, wanapanda. Viti vikijaa, mlango wetu unafungwa. Mkanda huo wa dhahabu bei yake ni mbuzi mzima.

"Wale wamefika saa ngapi?" Nashoni akaniuliza. "Mbona sijaona walipopanga?"

"Hawapangi, kaka. Wamelipia."

"Wamelipia gurudumu?"

"Gurudumu tumelipia wote. Wao wamelipia sisi tusubiri."

Jua likapanda. Mkisimama hivyo mnaanza kuwa wabaya, nawaambia ukweli. Watu waliokuja wanacheka wakaanza kusukumana. Mama mmoja akamchapa mwanaye kwa sababu anauliza maswali. Mbele yetu kitoto kikamuuliza baba yake, "Baba, kwani sisi kwa nini hatupiti kule?" Baba mtu akatoa simu mfukoni akawa anaiangalia, na ile simu ilikuwa imezima.

Watoto wote walinuna kila wenye dhahabu wakipita. Isipokuwa Yunisi. Yunisi kila wakipita alimsogelea baba yake na kusema, "Baba, endelea."

Na Nashoni anaendelea. Anamsimulia kiboko aliyeingia shambani kwa mjomba. Anamsimulia ndege wanavyokula mpunga na yeye anavyowafukuza kwa kupiga debe. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Nilimwona anachechemea kidogo tukisogea.

"Kiatu kinakubana?" Nashoni akamuuliza.

"Hapana, baba."

Baadaye mtoto akabanwa na haja. Nashoni, bila hata kufikiri, akavua kandambili yake moja, akaiweka chini pale aliposimama, akamshika mwanaye mkono wakaenda chooni.

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaona aibu, lakini nilijua.

Kwetu Ubaruku, msimu wa mavuno, mashine za kukoboa zinazidiwa. Hakuna anayesimama kutwa. Unaacha kandambili yako moja kwenye foleni, unakwenda zako kunywa uji, na walio nyuma yako wanakusogezea. Ukirudi unaikuta mbele. Anayeiruka kandambili ya mtu, mji mzima utamsema.

Mlinzi akaja na kirungu. "Nani ameacha takataka hapa?"

Nyuma yetu alikuwepo mama mtu mzima, Mwanakhamisi, na wajukuu zake. Akamkazia macho mlinzi. "Takataka gani, we kijana? Kuna watu wanapita kule bila hata kusimama, hukuwaona. Kandambili ya mtu ndiyo imekukera?"

Mlinzi akaondoka zake. Foleni ikasogea hatua moja, na bibi akaisukuma ile kandambili kwa ncha ya kiatu chake, taratibu kabisa.

Waliporudi, Yunisi akaiona imesogea. Akapiga makofi. "Baba! Kama mashineni!"

Alikuwa hajasahau. Nashoni akageuza uso pembeni, akawa anakohoa kohoa.

Mchana njaa ikauma, nikaenda kutafuta chipsi. Huko nako foleni, na huko nako geti la dhahabu. Nikachelewa mno. Haya yanayofuata nimesimuliwa na Nashoni na yule bibi.

Farhan alikuja kabla ya alasiri. Sitamsema vibaya, ni mtu wa watu.

"Baba Yunisi, samahani sana," akasema. "Lori la mizigo limeshatangulia na dereva ananipigia simu hovyo. Tunaondoka sasa hivi, mama yake yuko garini."

Nashoni akaangalia mbele. Geti bado mbali. "Hata hajapanda," akasema.

"Nimeona. Nimemkatia mkanda wa dhahabu hapo mlangoni. Ila lazima apande na mtu mzima. Twende nikukatie na wewe, umpandishe mwenyewe, mimi nawasubiri hapa."

Hapo, wadau. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Foleni nzima ilikuwa inamtazama kaka yangu, ana vumbi la Ubaruku kwenye kola, na mbele yake amesimama mwanaume mwingine na kanzu nyeupe. Akajiona mdogo. Akawaza, yaani mume mwenzangu ndiye anilipie nimpandishe mwanangu?

"Hapana," akasema. "Panda naye wewe."

Yunisi akamshika suruali. "Baba, mimi sitaki kule. Mimi nataka foleni."

Nashoni akadhani mtoto anamwonea huruma. Ikamchoma zaidi.

"Nenda, mayu. Ukifika juu utaiona Ubaruku. Mimi miguu imechoka kusimama."

Mtoto akamwangalia miguu. "Basi unishikie nafasi. Nikishuka narudi kwako."

"Haya."

Nashoni akaitikia, akageuka upesi kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika. Akatoka zake mpaka nje ya uzio, kwenye maegesho ya bodaboda, akachuchumaa nyuma ya kibanda. Hakutaka kumwona mwanaye anapanda na mwingine.

Hakuangalia nyuma hata mara moja.

Mimi nikarudi na chipsi zimepoa. Simwoni Nashoni, simwoni Yunisi. Naona yeboyebo ya pinki mbele ya geti, na kijana wa mlangoni anauliza, "Nafasi ya hiki kiatu ni ya nani? Zamu yake imefika."

Bibi Mwanakhamisi alikuwa nyuma ya kiatu, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwanangu, mlikuwa wapi?" akaniambia. "Kale katoto kalipoona baba yake anaondoka, kakavua kiatu kakakiweka hapa. Kakaniambia, 'Bibi, nisogezee. Baba kachoka, kiatu changu kitasimama badala yake.' Kakaenda kupanda na yule bwana. Kule juu hata hakakuangalia milima. Kalikuwa kanainama kanatafuta watu huku chini."

"Halafu?"

"Kakashuka mbio kakasimama hapa na mguu mmoja peku. Kila mtu kanamuuliza, baba yangu yuko wapi? Yule bwana kasubiri, wallahi kasubiri, mpaka gari likapiga honi. Akambeba. Nikamwambia achukue kiatu cha mtoto. Mtoto akapiga kelele, 'Msikitoe! Mkikitoa nafasi itapotea, baba atarudi!'"

Nikaziachia chipsi pale pale. Nikakimbia nje kumtafuta, mpaka maegesho, nikamkuta Nashoni amechuchumaa, nikamvuta shati. Sikuweza hata kueleza vizuri. Alikimbia kurudi ndani na mimi nyuma.

Alipokiona kile kiatu mbele ya geti, akachuchumaa mbele yake. Mtu wa Ubaruku hahitaji kuelezwa maana yake.

Akakiokota. Akaingiza vidole kwenye ncha, akagusa kitu. Akakivuta.

Mikanda ya dhahabu. Miwili. Haijafungwa, imekunjwa kunjwa, imelowa jasho la mguu wa mtoto.

Tukaangaliana. Nikampigia Prisca, nikaweka sauti kubwa.

"Tumeshapita Mbalizi," akasema. "Amelia mpaka amelala. Anjela, kwani kaka yako ana nini? Na foleni mlikuwa mnapanga ya nini? Asubuhi nilimpa Yunisi mikanda miwili ya dhahabu, wa kwake na wa baba yake. Nilimkatia kimya kimya, Farhan hajui. Nikamwambia ampe baba yake wapite, wasiteseke na jua. Hakumpa?"

Nashoni alikuwa amekibana kile kiatu kifuani.

Mtoto alikuwa na njia ya mkato mguuni tangu asubuhi. Akaikanyaga kutwa nzima, akawa anachechemea, ili foleni isiishe.

Na sisi tulikuwa tunailaani ile foleni.

Yule kijana wa mlangoni akasema kwa upole, "Mzee, panda basi. Zamu yako hii."

Nashoni akamwambia bibi Mwanakhamisi, "Mama, piteni na wajukuu. Asante kwa kumsogezea."

Halafu akatembea mpaka mwisho kabisa wa foleni. Akakiweka kiatu chini, mbele yake, akasimama.

Nikamwambia twende nyumbani. Hakunisikia. Foleni ikisogea, anakisukuma kiatu kidogo kwa ncha ya kandambili, anasimama tena. Akikaribia geti, anakiokota, anarudi nacho mwisho. Watu wakampisha bila kumuuliza kitu. Alifanya hivyo mpaka gurudumu likazimwa.

Miezi ikapita Yunisi anakataa simu. Prisca anampa, mtoto anakimbia chumbani. Nashoni akawa anaongea na Prisca tu, anaulizia mtoto kala, mtoto anasoma, basi. Akikata simu anakaa nje peke yake mpaka usiku. Alikonda kaka yangu, mpaka jirani zake wakawa wananipigia.

Mwezi uliopita alikuwa kwangu, simu ikaita. Akadhani ni Prisca, akapokea, akaweka sauti kubwa.

Kasauti kadogo kakauliza, "Baba, uliondoka kwa sababu miguu ilikuchoka?"

"Hapana, mayu. Nilikudanganya. Niliona aibu, nikaondoka. Baba alikosea."

Nilikuwa nakatakata mchicha, nikasimamisha kisu.

"Na kiatu changu kilifika?"

"Kilifika mpaka mbele, mama yangu. Watu walikusogezea."

"Ukapanda?"

"Nipande na nani? Nilirudi nacho mwisho. Bado nakushikia nafasi."

Akalia mtoto, akalia baba, nikalia mimi juu ya mchicha.

Sasa hivi kile kiatu kiko kwangu dirishani, mguu wa mtoto umeshakua hakitamwingia tena. Na kuna mpaka wa nchi, kuna pasi, kuna masomo yake, sijui ni lini wataonana.

Ninachowaomba wadau ni kimoja. Ukimpeleka mwanao mahali na foleni haiendi, usimwonee aibu kwa sababu huna mkanda wa dhahabu. Mwangalie kwanza usoni. Huenda mwenzio hakuja kwa ajili ya gurudumu.

Na ukimwambia "haya, nakushikia nafasi," basi simama hapo mpaka ashuke.