Mazoezi ya Kwenda Kazini na Hotipoti

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi si mtu wa kuhurumiwa. Nilitoka Mwanza na begi moja la mgongoni, nikakaa Sauzi miaka tisa, mchana nikifungua viyoyozi juu ya mapaa ya watu, jioni nikisoma, na nikarudi na stashahada ya majokofu niliyoilipia kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Hakuna mkubwa aliyeniandikia barua. Cheti kiko ukutani kwangu Mkuyuni, ndani ya fremu ya kioo, na fundi yeyote wa mtaani anayekuja kuniazima kifaa namsimamisha mbele yake kwanza akisome.

Kwa hiyo mtu akisema niliingia kwenye madeni kwa ujinga, namkatalia. Niliingia kwa sababu ya umeme. Nilifungua chumba cha baridi cha kuhifadhi samaki, umeme ukawa unakatika, samaki wakawa wanaoza, nami badala ya kufunga nikakopa kwa wale watu wa mikopo ya kausha damu, ambao jina lao peke yake lingetosha kumwonya mtu mwenye akili timamu. Walipoona marejesho yanasuasua, walikuja nyumbani wakabeba cherehani ya mke wangu. Hawakubeba runinga yangu, wala ile redio kubwa niliyotoka nayo Sauzi. Walibeba cherehani, ambayo mke wangu alikuwa akishonea sare za shule, na ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Niliikomboa. Nikakwama tena, wakaibeba tena. Mara ya pili niliuza vifaa vyote vya chumba cha baridi mpaka milango, nikalipa deni lote, nikapewa karatasi yenye mhuri, nikarudi nyumbani na kichwa cha cherehani begani kama mtu aliyebeba mbuzi. Nilitegemea kupokelewa kwa vigelegele. Mke wangu aliifuta vumbi, akaweka uzi, akasema bila kuniangalia:

"Baba watoto, hii ikitoka tena humu ndani, na mimi naifuata."

Mke wangu hana maneno mengi, na akisema jambo huwa amekwisha kulifikiria. Kwao ni ng'ambo, ukishuka kivuko cha Kamanga hutembei sana. Alikuwa na pa kwenda.

Haukupita muda nikapata kazi kwenye kiwanda cha barafu huko Nyegezi. Fundi mkuu wa mitambo. Siku ya usaili tulikuwa kundi zima, wengine wamevaa tai. Walitupeleka kwenye mtambo mmoja mmoja. Mimi niliusikiliza kidogo tu nikawaambia beringi ya nyuma imekwisha. Wakafungua, wakakuta imekwisha. Wenye tai wakaenda kupanda magari yao.

Tatizo lilikuwa mwezi wa kwanza. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Tulikaa mimi na mke wangu tukapanga. Unga ulikuwepo. Dagaa walikuwepo kwenye kiroba. Mkaa ungetosha kama tungepika mara moja kwa siku. Nauli haikuwepo.

"Nitatembea," nikasema.

"Mkuyuni mpaka Nyegezi?"

"Nimetembea mbali zaidi ya hapo nikiwa Sauzi."

Nilikuwa nimetembea kweli, ila wakati huo sikuwa na miaka arobaini. Basi nikawa naondoka alfajiri, hotipoti ya ugali na dagaa mkononi, na baada ya saa moja na nusu hivi naingia getini shati limelowa. Hakuna aliyekuwa akiniona, maana nilikuwa wa kwanza kufika. Nilijiona nimelimaliza jambo.

Siku ya tatu pikapu ya kiwanda ikasimama pembeni yangu njiani. Dereva alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye kofia ya pama aliyoivaa hata akiwa ndani ya gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Injinia. Vipi tena, gari limeharibika?"

Sikuwahi kumwambia mtu nina gari. Nilikuwa nimesema tu, siku ya kwanza, kwamba nikiwa Sauzi nilikuwa na gari.

"Hapana, mzee."

"Basi panda twende."

Sasa hapa ndipo penye kosa, na nikilikumbuka mpaka leo nasonya. Nilikwisha kusikia utaratibu wa ile pikapu: anayepanda kila siku humchangia dereva mafuta siku ya Ijumaa. Sikuwa na cha kumpa Ijumaa. Ningeweza kusema hivyo. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea anayaweza. Lakini mtu mwenye stashahada, fundi mkuu, aliyetoka nje ya nchi, atamwambiaje dereva kwamba hana hata cha kuchangia mafuta? Nikasema:

"Asante, mzee. Natembea kwa ajili ya mazoezi."

Akaiangalia hotipoti. Akaniangalia mimi. Akaondoa gari.

Kufika saa ya chakula, kiwanda kizima kilikuwa na habari. Mhasibu wetu, mama mmoja mchangamfu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, alinifuata mpaka kwenye mtambo.

"Injinia! Kumbe umekuja na afya zako na unatuficha? Sisi tuna klabu ya mbio hapa, kila Jumamosi asubuhi. Kapteni wetu amehamia Geita, tumebaki kama kuku wasio na mama."

"Mimi natembea tu, dada. Sikimbii."

"Mtu anatoka Mkuyuni kwa mguu anasema anatembea tu! Muoneni! Mungu ametuletea kapteni mpaka mlangoni."

Sitaficha: neno kapteni lilinikaa vizuri. Nilikuwa nimepitisha miezi mingi nikiitwa majina mengine na watu wa kausha damu. Nikakubali.

Jumamosi ya kwanza niliwaacha wote. Tulitoka kiwandani tukashuka mpaka ufukweni, kwenye yale majiwe makubwa ambapo kina mama huanika dagaa, tukapanda tena. Nilipofika juu nikageuka nyuma sikuona mtu. Watu walioshiba chipsi na kupanda gari kila siku wangewezaje kushindana na mimi? Waliponifikia wakihema, mhasibu akasema sasa ni supu. Kila Jumamosi baada ya mbio wanakaa kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, wanakunywa supu ya makongoro na chapati. Harufu yake ilinifuata mpaka tumboni. Mimi nyama nilikuwa sijaiona wiki mbili.

"Nyie endeleeni," nikasema. "Sisi Sauzi tulikatazwa supu baada ya mbio. Inaganda kwenye mishipa."

Nilidhani nimejiokoa. Jumatatu nikaambiwa dereva mzee amewagomea wenzake supu kwa sababu ya mishipa, na mkewe amenishukuru. Nikaanza kuona kwamba katika kiwanda kile huwezi kusema uongo mdogo ukabaki mdogo. Wanauchukua wanaulea.

Jumamosi ya pili mhasibu alinipokea na fulana ya rangi ya machungwa. Wote walikuwa nazo, ila yangu mgongoni iliandikwa KAPTENI. Nikaivaa. Nilidhani ni ya klabu, kama ufunguo wa ofisi unavyokuwa wa ofisi. Tukakimbia, nikawaacha tena. Safari hii wakanishika mikono wakanipeleka kibandani kwa nguvu, huku wakisema mishipa itajijua yenyewe. Nilipokaa, mabakuli yalikuwa yamekwisha kupangwa mezani, ya watu kumi na wanne, ndimu na pilipili pembeni.

Mhasibu akasimama. "Jamani, leo supu ni ya kapteni mpya. Karibuni!"

Wakapiga makofi.

"Supu yangu kivipi?" nikauliza.

"Ndiyo utaratibu wetu. Kapteni akianza, anafungua supu. Hata yule wa Geita alifungua."

"Dada, mimi sikuambiwa."

"Ah, usiwe na wasiwasi." Akapiga daftari lililokuwa kwapani mwake. "Nimeshakuandikia. Fulana na supu ya wote. Mwisho wa mwezi nakata juu kwa juu kwenye mshahara, wala hutahisi."

Nimeshakuandikia. Nilihisi mgongo unakuwa wa baridi kuliko mtambo wangu. Mtu niliyeapa kutokopa tena hata kiberiti nilikuwa nimekopeshwa Jumamosi asubuhi, mbele ya watu, nikiwa nimevaa deni lenyewe mwilini. Na mshahara ule ulikuwa umekwisha kugawanywa nyumbani mpaka chembe ya mwisho. Ukikatwa, mwezi wa pili ningeanza na pengo. Pengo la kwanza nililijua linavyoishia. Nilimwona kijana wa kausha damu anainama mlangoni kwangu, anainyanyua cherehani, na mke wangu anafunga kanga kiunoni anamfuata.

Nikalisukuma bakuli mbele.

"Kapteni anasusa supu!" mtu akasema.

"Sisusi. Dada, futa jina langu humo."

"Nifute?"

"Futa. Sina hela."

Wakacheka. Walidhani ni utani wa watu wa nje. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi ya ya kwanza. "Jamani, sina. Sitembei kwa mazoezi. Natembea kwa sababu sina nauli. Nimetoka kwenye madeni juzi, nimeyalipa yote peke yangu, na sirudi huko kwa ajili ya makongoro. Fulana hii nitaifua niirudishe."

Mama mwenye kibanda alisimama na upawa mkononi. Dereva mzee alivua kofia yake, mara ya kwanza namwona anaivua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mzee?"

"Kijana wangu, mazoezi gani ya kubeba hotipoti?"

Hapo kibanda kilipasuka kwa vicheko. Mhasibu alicheka mpaka akakaa. Mwingine akauliza kama kule Sauzi wanakimbia na sufuria. Mimi nilisimama pale nikiwa nimekasirika, maana mtu amejivua nguo mbele ya wafanyakazi wenzake halafu wanakumbuka hotipoti!

"Na mishipa je?" dereva akaendelea. "Injinia, mimi nimekaa wiki nzima bila supu kwa ajili yako. Mke wangu anasimulia kanisani."

"Nisamehe, mzee."

"Sikusamehi. Kunywa kwanza."

"Sinywi cha kuandikiwa."

Mhasibu alifungua daftari, akachukua kalamu, akachora mstari, akaligeuza nione. "Haya, kapteni mwenye mdomo. Umefutwa. Kila mtu anajilipia yake, na anayelalamika alalamike kwa mishipa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kwake kabisa: "Ungeniambia Jumatatu, nisingeandika. Mimi natunza hesabu, nitajuaje kilichomo mfukoni mwako kama unakuja unatembea kifua mbele?"

Walitaka kunichangia bakuli, nikakataa. Wakataka niendelee kuwa kapteni, nikakubali, kwa sababu hiyo haikuwa huruma: hakuna mwingine aliyeweza kufika juu bila kusimama. Fulana nikaivua hapo hapo, nikarudi na singlendi yangu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu kwenye cherehani, sare za shule zimejaa mapajani. Alisimamisha mguu.

"Umerudi na singlendi. Ile fulana ya kapteni uliyosema utapewa iko wapi?"

"Ilikuwa ya mkopo."

Mkono wake ukaenda juu ya cherehani, ukakaa pale. Nikamweleza yote, supu, daftari, mstari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewaambia kweli huna hela? Wewe?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza hawakuelewa."

Akaninong'oneza kitu kimoja, kitabaki chetu, kisha akanipakulia ugali. Dagaa tena.

Jumatatu pikapu ilinikuta kwenye kona ile ile. "Panda, kapteni," dereva akasema. "Mafuta utachangia ukipata."

"Huo ni mkopo, mzee."

"Mkopo! Nani kakukopesha? Kiti kipo kitupu!"

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitapanda."

Alitembeza gari pembeni yangu polepole kwa umbali mrefu, akinisema kwa Kiswahili na Kisukuma, magari ya nyuma yakipiga honi, mpaka akachoka akaondoka. Wiki zilizobaki alikuwa akipita ananipungia kofia. Watu wanasema mimi ni mkaidi. Cherehani yangu iko ndani.

Mshahara ulipoingia, ulikuwa mzima, haujaguswa. Kitu cha kwanza nilichonunua, kwa hela taslimu, kilikuwa kichupa cha mafuta ya cherehani. Niliitia mafuta mwenyewe, kila tundu, kwa utaalamu ambao mafundi wengi wa Mkuyuni hawana. Mke wangu akakanyaga. Ikawa haipigi kelele kabisa.

"Majirani watajua tumepata mshahara," akasema.

Alisema kweli. Asubuhi yake jirani wa nyumba ya tatu alibisha hodi na kadi ya mchango wa harusi, jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, na mbele yake "Injinia". Nilikisoma hicho cheo mara mbili. Kisha nikamrudishia kadi na kumwambia, bila kukohoa wala kutafuta maneno, kwamba sina.

"Haya, jirani," akasema, akaenda nyumba inayofuata. Ndiyo hivyo tu. Na mimi nilitembea mwezi mzima!