Picha Waliyoiita Njaa

Nilivumilia mpaka alipofika kwenye mikono.

Mzungumzaji wa Jumamosi hiyo kwenye mjadala wa picha alikuwa mwalimu wa sanaa kutoka Embu, na alikuwa na kijiti cha kuonyeshea. Alikuwa ameeleza kivuli, ameeleza benchi, ameeleza kwa nini mchoraji aliuacha ukuta wa nyuma mtupu. Sawa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikanyamaza. Kisha akagusa kwa kijiti mikono ya mwanamke wa pichani, wa kulia halafu wa kushoto.

"Tazameni vidole vilivyoachana. Mama huyu hamshiki mtoto wake. Mtoto bado yu hai, lakini mama ameshamwacha. Njaa ikifika mwisho ndivyo inavyofanya."

Watu wakasema "mmh", ile mmh ya kanisani. Mama mmoja mbele yangu akaandika maneno hayo kwenye daftari.

Nikasimama, mtoto wangu wa pili mgongoni.

"Mwalimu, hiyo mikono ni yangu."

Shingo zote zikageuka. Nyuma mtu akacheka: "Haya! Leo picha imeongea!"

Msimamizi wa mjadala, madam mmoja mstaafu aliyewahi kufundisha shule ya Kaaga, akainua kiganja kama anayenyamazisha darasa. "Mami, karibu sana. Lakini hapa maswali tunaandika kwenye karatasi, tunatia kwenye hiki kikapu cha kiondo, mimi nasoma. Huo ndio utaratibu wetu."

"Nimeandika mara tatu, madam. Miezi mitatu. Kiondo hicho hapo miguuni pako. Kimimine."

Hakukimimina.

Ile picha ilichorwa kwenye benchi la kliniki, hapo Meru mjini. Msichana wangu wa kwanza alizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alinichorea moyo huo nyuma ya karatasi ya dawa, akaweka nukta ya wino pale penye tundu. Mtoto wa namna hiyo akinyonya anachoka kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Kipaji chake cha uso kilikuwa kinatoka jasho akiwa kwenye titi, asubuhi ya baridi ya kwetu Kibirichia, sisi wengine tumevaa sweta mbili. Alinyonya kidogo, akalala, akaamka, akajaribu tena. Hakunenepa. Chakula kilikuwapo. Kwetu waru, yaani viazi, zinajaa stoo mpaka mlango haufungi, na ng'ombe alikuwa anakamwa. Njaa gani?

Daktari aliniambia, "Mama, usimbane kifua. Mkalishe wima, aegemee mwenyewe, wewe weka mikono tu asianguke." Ndivyo nilivyomshika. Viganja wazi, vidole vimeachana, mkono mmoja mgongoni na mmoja chini ya kwapa, bila kukaza. Jaribu wewe kukaa hivyo saa tatu kwenye foleni. Mabega yanawaka moto. Lakini nikikaza tu, midomo yake inageuka rangi.

Mchoraji alikuwa amemleta mama yake kliniki. Aliniomba ruhusa vizuri tu, akachora, akaahidi kunitolea kopi. Nikakubali kwa sababu mtoto alikuwa hajapigwa picha hata moja. Nilijiambia tutampiga akipata nafuu, akijaa mashavu kidogo. Hakufika. Alikufa kabla waru za msimu ule hazijachimbwa, na nyumbani hapakuwa na kitu cha kuonyesha uso wake.

Nilikaa zaidi ya mwaka kabla sijaweza kumtafuta yule mchoraji. Nikaambiwa anapatikana kwenye kituo cha sanaa, ambako kuna mjadala wa picha kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bure, kwa wananchi wote. Nikaenda. Nikaikuta picha ukutani, kwenye fremu, na chini yake kibao: NJAA.

Nilisoma hilo neno nikadhani ni la picha ya jirani yake. Nikaangalia tena. Uso ni wa mtoto wangu, kabisa, mpaka ile nywele iliyokuwa inasimama kwenye utosi. Sikujua nifurahi au nipige mtu.

Mchoraji alikuwapo. Akaniambia, macho yakiwa chini, kwamba yeye hakuipa jina lolote. Kamati ndiyo ilipanga picha kwa mada, ikakosa ya kuweka kwenye njaa. "Usijali, dada," akasema, "utasema siku ya mjadala. Mjadala ni wa hayo." Kopi aliniambia atatafuta.

Basi nikaandika: *Mtoto huyu hakuwa na njaa, alikuwa mgonjwa wa moyo, naomba jina libadilishwe.* Nikatia kiondoni. Madam akasoma swali la rangi, akasoma swali la aina za penseli, akatazama saa. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mwezi wa tatu nikamwona akiifungua karatasi yangu, nikaijua kwa mistari yake, akaikunja na kuirudisha chini ya zingine.

Huko nyumbani nako mambo hayakungoja mjadala. Jirani mmoja alipita kituoni akienda zake sokoni, akairudisha habari Kibirichia kama mzigo wa kuni. "Mmewekwa ukutani huko Meru. Mmeandikwa Njaa."

Mama mkwe wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa anamenya waru, akasema bila kuinua kichwa, "Mimi nilisema. Huyo msichana alikuwa halishwi. Mkasema ni moyo. Sasa hata wasomi wameona."

"Mama, daktari alisema..."

"Kwa daktari ulienda peke yako. Huyu wa pili, akiacha titi, ataletwa kwangu. Nitamlea mimi. Wewe utazaa wengine."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Alisikia. Akaenda kuangalia ng'ombe.

Kwa hiyo sikwenda pale kituoni kutafuta sanaa, mnielewe. Nilikwenda kutafuta mtoto wangu asichukuliwe. Mvulana wangu alikuwa na miezi kumi, na titi lina mwisho.

Ndiyo Jumamosi ile nikawa nimesimama, na madam anakinga kiondo kwa viatu vyake. Mzee mmoja muuza nyama wa mjini, mwenye kofia nyeupe, anayekuja kila mjadala na kubisha kila kitu, akapaza sauti: "Madam, msomee mama karatasi yake! Au kiondo ni cha kupeleka sokoni?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikaenda mbele, nikakaa kwenye kiti cha mzungumzaji bila kuuliza. Nikamkalisha wima kwenye paja, nikafungua viganja, nikaachanisha vidole. Kama pale. Mvulana ni mzima na mzito, akashangaa kwa nini simshiki, akaanza kulia.

"Hivi ndivyo anavyoshikwa mtoto ambaye ukimkaza anakufa," nikasema. "Sikumwacha. Hata choo sikwenda siku hiyo, nikiogopa kumpa mtu mwingine ambaye hajui."

Nilidhani imekwisha.

Mwalimu wa Embu akakohoa, akasema kwa upole, "Asante sana mama, umetugusa. Lakini tukumbuke kwamba kazi ya sanaa ikishatoka kwa msanii, kila mtazamaji ana haki ya kuipa maana yake."

"Maana yako inasema nilimuua."

"Si wewe, mama. Ni mama wa pichani."

"Mama wa pichani ni nani?"

Akashusha kijiti. Watu wakapiga makofi, sijui walimpigia nani. Mchoraji alikuwa amekaa karibu na dirisha muda wote huo, akitazama nje. Chai ikatangazwa.

Madam akanifuata nikimfunga mtoto, akanishika kiwiko. "Mami, kwa nini kuaibisha wageni? Kama una malalamiko, kuna njia rasmi. Kuna kitabu ofisini."

Hakujua anaongea na nani. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na barua rasmi ndiyo kitu pekee nilichowahi kusifiwa mbele ya darasa. Jumatatu nilishuka kutoka Kibirichia nikafika kabla ofisi haijafunguliwa. Karani alinipa kitabu, nikaandika nimesimama, kisha nikakataa kutoka mpaka akapiga mhuri kwenye nakala yangu. Majina na namba za simu nimeyaondoa hapa. Mengine ni kama nilivyoandika:

"Kwa Kamati. Mimi ni mwanamke aliye kwenye picha mliyoiita Njaa. Mtoto aliye kwenye picha ni binti yangu, marehemu. Hakufa kwa njaa. Nimeambatisha kadi yake ya kliniki, naomba mtoe kopi mnirudishie ya asili leo hii. Nalalamika kwamba mlimpa mtoto wangu ugonjwa asiokuwa nao, na kwamba msimamizi alificha swali langu mara tatu. Naomba kibao kitolewe. Naomba nipewe kopi ya picha niliyoahidiwa, kwa sababu sina nyingine. Naomba picha hii isijadiliwe tena nikiwa sipo. Mwisho, naomba Kamati iniandikie barua yenye mhuri, ikisema kwamba jina hilo lilikuwa kosa lenu na halikutoka kwa daktari wala kwangu. Barua hiyo iwe ya Kiswahili, si Kiingereza, na maneno yawe mepesi, kwa sababu atakayesomewa ni mama mkwe wangu."