Nusu Saa Kabla ya Kula

Minza, mwanafunzi wa uuguzi pale hospitali ya Bariadi, hata ungemwamsha usingizini ukamwuliza insulini inachomwa lini, angekujibu kabla hajafumbua macho: nusu saa kabla ya kula. Wenzake walimwita profesa, utani wenye wivu kidogo ndani yake. Kwa hiyo Felisita, mke wa kijana mmoja wa kijiji cha Nkololo, alipolazwa kwa kisukari, Minza ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha. Akamwonyesha namna ya kuvuta dawa, mahali pa kuchoma, na namna ya kuitunza kwenye chungu chenye mchanga wenye maji, maana friji hawana. Ugali ukikaribia kuiva, jichome. Felisita akayarudia yote bila kukosea, akaruhusiwa.

Wiki haikuisha akarudishwa kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na mama mkwe wake, jasho likimtiririka, hamtambui mtu. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Alipozinduka kwa dripu ya glukosi, daktari alilalamika kwamba watu wa vijijini hawashiki mafundisho. Minza akaanza kumhoji upya. Felisita hakuwa amekosea popote. Alijichoma ugali ukiwa jikoni, akaupakua, akawapelekea wanaume, akawanawisha. Wageni wawili wakaingia, akarudi kusonga mwingine. Yeye na mama mkwe hula mwisho.

Kwao Minza pia ndivyo wanavyokula. Amekulia humo, amengoja humo na njaa yake, lakini alipovaa sare akasahau kwamba chakula kuiva ni jambo moja na mwanamke kula ni jambo jingine. Aliona aibu hadi akashindwa kumtazama mgonjwa wake usoni.

“Mayu,” alimwambia mama mkwe, akimwita mama kwa heshima ya kikwao, “akishajichoma lazima ale, hata kama wageni hawajanawa. Akingoja tena, atakufa.”

Mama yule akasema kwamba tangu aolewe hajawahi kutia tonge mdomoni kabla ya mumewe, na mkamwana akithubutu, ukoo mzima utamsema mpaka arudi kwao. Hilo hakuna mtihani uliowahi kumwuliza Minza.

Mama akavuta shuka, akamfunika Felisita miguu.

“Nitaanza kula mimi,” alisema. “Yeye atanifuata. Wakitaka kusema, waniseme mimi.”